Nimtoe skuli nimsomeshe nyumbani? Jibu kwa mama wa kijana mwenye siko seli

*"Assalam alaykum Bi Mwalimu. Mie nipo Pemba, upande wa Wete. Nna kijana wangu wa miaka 9, darasa la tatu, ana siko seli. Tokea Januari ameshalazwa mara nne, na siku nyengine anarudishwa nyumbani kutoka skuli saa nne, miguu inamuuma au kichwa. Mwalimu wake kanambia kabaki nyuma sana na mwakani ana mtihani wa darasa la nne. Nikaamua nimtoe nimsomeshe mwenyewe. Nimemuandikia ratiba kama ya skuli, saa mbili mpaka saa sita, wiki ya tatu hii haijafatwa hata siku moja kamili. Asubuhi nauza vitumbua, nna mtoto mchanga, baba yao yuko baharini, na mama mkwe anasema mtoto mgonjwa aachwe apumzike. Siku akiwa mzima namkazania afidie yote, na mara nyingi baada ya hapo ndo anaumwa tena. Nakosea wapi?"*

Waalaykum salaam mwanangu, na pole sana. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kila nikisoma naona jibu umeshalitia mwenyewe mle ndani, kwenye ule mstari wa siku akiwa mzima. Tutafika hapo. Kwanza nijitaje ujue unamsikiliza nani: mie si daktari, ni mwalimu mstaafu, nimesomesha skuli za msingi hapa hapa Pemba zaidi ya miaka 30, na ile ya mwisho mwisho nilikuwa kwenye elimu mjumuisho, wale watoto wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu wanaosoma darasa moja na wenzao. Watoto wa siko seli nimewapitia wengi, wengine leo wana watoto wao. Mambo ya dawa ntayagusa pale tu yanapoingia kwenye masomo, yaliyobaki ni ya daktari wake.

Wewe unaona shida yako ni muda, kwamba masaa manne huyapati. Mie nakwambia hata ungeyapata, jirani akakuuzia vitumbua na mchanga akalala kama pono, ile ratiba bado isingefatwa. Umeipanga kwa saa, na mwili wa kijana wako haufati saa.

Tizama mwili wake unafanya nini. Chembe nyekundu za damu yako wewe ni laini, zinapita kwenye mishipa myembamba bila tabu na zinaishi kiasi ya siku 120. Za kwake zikikosa hewa ya oksijeni au maji zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinang'ang'aniana, damu haipiti, na pale isipopita ndo pale anapolia. Alafu hazidumu, siku 10 mpaka 20 zishakufa, mwili unakimbizana kutengeneza nyengine na haufikii. Kwa hiyo hata siku ambayo haumwi popote, anacheka, anafukuzana na kuku, damu yake bado iko chini kuliko ya nduguze. Baba yake atakuelewesha vizuri zaidi kwa karabai: ikipungua upepo inawaka tu, ukiwa mbali utasema taa ipo, lakini samaki haiwaiti. Ndo kijana huyo mbele ya daftari saa tano mchana. Anakutizama, anaitikia "ndio mama", na hakuna kinachoingia. Nimeshawasikia walimu, na mie nilipokuwa mbichi nilikuwa mmoja wao, wakiwaita watoto hawa wavivu. Si uvivu.

Kuna jambo jengine ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Maradhi haya yanaweza kugusa ubongo. Kwa wale wa aina ya SS, ile kali iliyoenea zaidi, wasiopata kinga yoyote, kama mtoto mmoja katika kumi hupata kiharusi kabla hajafika miaka 20, na wapo wengine wengi zaidi wanaopata vile vidogo vya kimya kimya, mkono haupoozi wala mdomo haupindi, ila mtoto anakuwa mzito wa kufikiri, anasahau maelekezo ya hatua tatu, hawezi kukaa na jambo moja kwa muda. Sikwambii haya nikutie hofu, nakwambia kwa sababu wewe ndo utakayekaa naye karibu na daftari, na utayaona kabla ya daktari. Kipo kipimo cha kutizama mwendo wa damu kichwani, wanaita doppla, hakina sindano wala maumivu. Kliniki ijayo muulize daktari kama kijana wako anakihitaji na atakipata wapi.

Na kabla sijasahau, kama kuna mtu hapo nyumbani anasema maradhi haya yametoka kwa "damu ya kwao mama", mwambie kwa upole kwamba mtoto hapati siko seli mpaka achukue kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wakiwa wabebaji wote, yaani wanayo damuni lakini wenyewe hawaumwi, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kutoa mtoto wa siko seli. Na huyo mchanga, kama hajapimwa, mpeleke akapimwe.

Haya, turudi kwenye ile siku akiwa mzima. Nieleze ninavyoiona kutoka huku, uniambie kama nakosea: kijana kalazwa siku tano, karudi, siku tatu kanyong'onyea, siku ya nne kaamka anang'ara. Wewe moyo unadunda, unaona deni la siku nane liko mbele yako, unamkalisha saa mbili. Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, sayansi, saa saba bado mpo, kanywa maji kikombe kimoja, chai hakumaliza, na kwa vile yuko nyumbani kaambiwa pia akachote maji. Usiku miguu inaanza. Kuchoka sana, kukaukiwa maji na kushikwa na wasiwasi, hivo vitatu ni miongoni mwa vitu vinavyoziamsha zile mundu. Sisemi kusoma ndo kunamuumiza, wala sisemi kila akiumwa ni wewe, maana siku nyengine maumivu huja tu bila sababu yoyote mtu anayoweza kuiona. Lakini siku nzuri ndo siku ya khatari katika nyumba yako, khatari kuliko siku mbaya, kwa sababu siku mbaya wote mnajua la kufanya.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni gumu kwako kuliko kwake: siku nzuri iwe na mwisho. Dakika zikifika, daftari linafungwa hata kama ye mwenyewe anataka kuendelea. Deni la nyuma halilipwi kwa siku moja. Kwa kweli deni lenyewe ni dogo kuliko unavyodhani.

Sababu ni hii. Wewe umenakili masaa manne ya skuli ukafikiri ni masaa manne ya kusoma. Mie nimesimama mbele ya madarasa ya watoto 70, 80, nakwambia kipindi cha dakika 40 ukitoa kuingia, kunyamazishana, kugawa madaftari, kufuta ubao, kumtoa aliyepigana na kumtizama aliyekosa kalamu, kila mtoto anabaki na dakika chache mno ambazo kweli anafikiri na kuna mtu anamjibu. Nyumbani mko wawili. Akikosea unaona pale pale. Dakika 20 za hivo zikitulia zinafanya kazi ya kipindi kizima na zaidi. Mwaka 2020 skuli zilipofungwa kwa korona nilikuwa nasomesha wajukuu watatu ukumbini, wa darasa la pili alimaliza hesabu za kutoa kwa kukopa ndani ya wiki mbili kwa nusu saa kwa siku, jambo ambalo darasani huwa nalihangaikia mwezi na ushei.

Saa moja kwa siku nzuri inamtosha kijana wa darasa la tatu mwenye hali hiyo, saa moja iliyokatwa vipande vitatu, na katikati anakunywa maji, anakwenda choo, anajinyoosha. Nimetaja choo makusudi. Figo za watoto hawa hazishiki maji vizuri, mkojo unakuja mara kwa mara na wengi wanakojoa kitandani mpaka wakubwa, usimkaripie na usimpunguzie maji kwa ajili hiyo. Chupa ya maji ikae mezani pamoja na kalamu, iwe kifaa cha kusomea.

Sasa uipange vipi hiyo saa moja. Wewe umeandika saa mbili, saa tatu, saa nne. Nyumba zetu hazendi hivo, zinakwenda kwa sala na kwa jiko. Mwenyewe umesema asubuhi unauza vitumbua, basi asubuhi si yako, iache. Tafuta zile nyakati mbili ambazo nyumba yako inatulia yenyewe bila kulazimishwa. Kwa ninavyokisia, kipande kimoja kinakaa ukisharudi na mchanga kalala, kiasi saa nne hivi, na kijana keshakula, keshameza vidonge vyake vya foliki, na ile hidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya siko seli, kama daktari kampa. Kipande cha pili baada ya sala ya alasiri, jua limepungua. Kile cha tatu ni cha kitandani, baada ya isha, anakusomea wewe ukurasa mmoja huku unamnyonyesha mdogo wake, na hicho hata daftari hakitaki. Sijaandika saa ngapi na saa ngapi, nimeandika baada ya nini. Ukichelewa kuuza, kipande kinasogea pamoja nawe, hakivunjiki. Dawa ndo zisisogee, zipe saa yake moja kila siku, na hiyo ndo iwe nguzo, masomo yaizunguke.

Alafu usipange kwa siku, panga kwa wiki. Siku ya Jumamosi kaa naye mchague mambo manne tu ya wiki hiyo. Mfano: kuzidisha kwa 6, kusoma hadithi moja mpaka aiseme kwa maneno yake, sentensi tano za Kiingereza, sehemu za mmea. Ziandike kwenye karatasi ubandike mlangoni. Zikimalizwa Jumatatu na Jumanne, alhamdulillah, wiki imekwisha, apumzike. Zikimalizwa mbili na zilizobaki zikaliwa na homa, zinahamia wiki ijayo na wiki ijayo mnaongeza mbili tu, si nne. Ratiba ya masaa kila siku inamuonesha kashindwa, karatasi ya mambo manne inamuonesha kafanya mawili. Kwa mtoto ambaye mwili wake ushamuangusha mara nyingi hiyo tofauti ni kubwa sana wallahi.

Utaniuliza, akikaa siku sita bila kusoma si atasahau yote? Atasahau baadhi, kama mimi na wewe. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu baada ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba mtu anasahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi inapungua, na kila akirudia anahitaji muda mfupi zaidi kukumbuka. Lakini hili wala hatuhitaji Mjerumani, chuoni kwetu wanalijua zamani. Ustadhi hamjazi mtoto juzuu nzima siku ya Alkhamisi. Kila siku anampa aya chache mpya na anamrejesha kwenye zile za zamani, murajaa, leo za jana, kesho za wiki iliyopita. Fanya hivo hivo na hisabati. Kila kipande kianze kwa dakika tano za kitu cha zamani anachokijua, kwanza anafurahi, pili kichwa kinapata moto, ndo umtie kipya. Akitoka kulazwa siku mbili za mwanzo ni murajaa mtupu, kipya hakuna. Dawa kali za maumivu anazopewa hospitali zinalegeza na zinasinziza, usipime akili yake kwa siku hizo.

Na wewe utajuaje leo ni siku gani? Usimuulize "unaumwa?", atakwambia hapana kwa kukuogopea au ndio kwa kukwepa hesabu, watoto ni watoto. Muwekeane vidole. Kila asubuhi anaonesha vidole, kumi nguvu tele, sifuri hawezi kunyanyua kichwa. Saba kwenda juu, vipande vitatu kama hakwenda skuli. Baina ya nne na sita, kimoja cha murajaa na kile cha usiku. Chini ya hapo hakuna daftari, na hapo mama mkwe wako kasema kweli tupu, mpe haki yake. Anapokosea ni kufikiri kupumzika ni kulala na kutizama dari. Mtoto aliyelala siku nne bila la kufanya maumivu yanamuwia makubwa zaidi, kwa kuwa hana chengine cha kuyafikiria. Hapa ndo umpe kazi huyo bibi yake. Ahadithie. Paukwa, pakawa. Vitendawili, tega nikutegue, ni kazi ya akili safi kabisa na haina kalamu. Kama kuna bao hapo barazani ndo umemaliza: mashimo 32, kete 64, mtoto anayecheza bao anahesabu mbele hatua nne tano bila kujua kama anasoma hisabati. Mwambie mama mkwe kwamba mwalimu kasema yeye ndo msomeshaji wa siku za kitandani. Nimeiona dawa hii ikituliza majumba matatu manne yaliyokuwa yakigombana.

Vidole hivo viandike kwenye daftari dogo kila siku, pamoja na kalala vipi, kanywa maji kiasi gani, kasoma nini. Mstari mmoja tu. Miezi miwili ikipita utaona mambo. Mama mmoja niliyekuwa nikimsaidia aligundua kijana wake anaanguka kila siku ya pili baada ya kwenda kliniki, kumbe ile safari ya gari tokea alfajiri na kukaa foleni na njaa ndo inammaliza, wala si sindano. Akaanza kumfungia chakula na chupa mbili za maji, na siku ya kliniki na ya kesho yake akazifuta kwenye masomo moja kwa moja. Siku ya kliniki si siku ya kusoma, isitoshe ukiwa nalo hilo daftari daktari atakupenda.

Kalenda yetu nayo ina mambo yake. Kipupwe, Juni na Julai, upepo wa kusi na asubuhi za baridi, baridi inazikaza mishipa. Asioge maji ya kisima alfajiri, yapashwe moto, avae sweta hata akichekwa, na miezi hiyo tegemea siku za kitandani zaidi, kwa hiyo mambo manne ya wiki yawe mawili. Yakipatikana zaidi ni faida. Msimu wa karafuu ukifunguka nyumba nzima inahama kichwa, najua, hakuna anayesomesha mtu. Basi usigombane nao. Asipande mkarafuu wala asichukue mzigo, akae kivulini kwenye kuchambua, ahesabu pishi za kila mchumaji na aandike nani kachuma ngapi. Pishi moja vibaba vinne, mchumaji kaleta pishi tano na vibaba viwili, anadai kiasi gani? Hiyo ni sehemu, ni kuzidisha, na ni pesa za kweli kwa hiyo anatia akili. Ramadhani nyumba inageuka usiku mchana, vipande vihamishie baada ya futari. Na yeye asijaribu kufunga kwa kuona wenzake wanafunga, miaka 9 haijamlazimu na kukaa kutwa bila maji kwake ni mlango wa hospitali. Akililia sana, zungumza na daktari kisha na sheikh wenu, wote wawili watakusaidia kumtuliza.

Sasa hili la kumtoa skuli. Hapa ntakuwa mkali kidogo. Usimtoe. Kumsomesha nyumbani ndio, kumfuta skuli hapana, na hivo ni vitu viwili tofauti ambavyo wazee wengi mnavichanganya. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa kwetu tarehe 23 Septemba 1964, mie mwenyewe ni tunda lake, na nafasi ya kijana wako kwenye rejista ni haki yake, mzima au mgonjwa. Akifutika, mtihani wa darasa la nne utaanza kukimbizana na ofisi wakati ungekuwa unakimbizana na jedwali la kuzidisha. Na kuna wenzake. Mtoto wa miaka 9 anayebaki nyumbani na mama, bibi na mchanga mwaka mzima anaanza kujiona ye ni mgonjwa kwanza na mtoto baadae.

Najua kwa nini umemtoa, hukunambia lakini najua. Pengine alipigwa kwa kuchelewa, au alinyimwa ruhusa ya choo akajikojolea, au alikimbizwa mchakamchaka. Sitaki kujua skuli gani. Nenda kwa mwalimu mkuu, usende na malalamiko, nenda na barua ya daktari na maombi yaliyo wazi: awe na chupa ya maji darasani, atoke choo bila kuomba, asikimbizwe wala asipigwe, akae mbali na dirisha la upepo, na zile siku hayupo mwalimu wake akutumie kwa WhatsApp picha ya ubao au ampe mtoto wa jirani daftari lake akuletee. Kama skuli yenu ina mikondo miwili, muombe awekwe ule unaomfaa. Wengi asubuhi ya baridi inawasumbua na mchana unawafaa zaidi, wengine jua la mchana ndo linawakausha, daftari lako la vidole litakwambia. Muulize pia kama pana mwalimu wa elimu mjumuisho, zipo skuli zinaye siku hizi. Usikubali ukiambiwa "mwache mpaka apone", maana maradhi haya hayasubiriwi yaishe.

Kwa hiyo picha ninayokupa ni hii: siku za vidole vingi anakwenda skuli, na siku hiyo nyumbani hakuna kipande chengine isipokuwa kile cha usiku. Siku za katikati anasoma nyumbani. Siku za chini bibi na bao. Ikiwa kwa mwezi mzima anamaliza siku nne tano tu za skuli, si kitu, bado yumo. Zipo nyumba ambazo hata hili haliwezekani, skuli iko mbali au mtoto hali yake ni nzito mno, hapo miezi fulani ya nyumbani tu inaeleweka, lakini iwe kwa makubaliano na skuli na kwa karatasi, si kwa kunyamaza tu.

Tuisheni? Wengi mnakimbilia huko. Mwalimu wa tuisheni mwenye watoto 15 barazani kwake ni darasa jengine tu, na mara nyingi ni jioni ambapo kijana wako keshaisha. Kama una pesa ya ziada, bora mlipe kidogo dada wa kidato cha pili jirani aje kumshikia mchanga nusu saa baada ya alasiri. Wewe ndo mwalimu anayemfaa, unachokosa ni mikono miwili. Na hao ndugu zake wakubwa kama wapo, angalia wasianze kuona kuumwa ndo njia ya kukaa na mama. Kile kipande cha usiku waingie wote, kila mmoja asome mistari yake.

Sasa yale ya kuacha daftari na kukimbia hospitali, na hapa hakuna kusubiri asubuhi wala kujaribu mitishamba kwanza. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, maana mtoto huyu wengu wake haumlindi kama wa wengine na maambukizi yanamshinda haraka. Malaria imepungua sana visiwani lakini kwake moja tu inatosha kumuangusha, neti kila usiku. Maumivu ya kifua au kuhema kwa tabu. Kupauka ghafla, macho na viganja vyeupe, au tumbo kujaa upande wa kushoto. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kumkwama, kichwa kuuma kuliko kawaida yake, au kuona vibaya. Na kwa vile ni mwanamume, uume ukisimama na kuuma ukakataa kulala, asione haya kukwambia, mfundishe leo kwamba hilo nalo ni la hospitali. Maumivu ya kawaida yasiyotulia kwa dawa alizopewa za nyumbani, pia nenda.

Yapo na mengine ya polepole ambayo si ya usiku huo huo lakini ni ya kupeleka kwa daktari kabla ya siku yake ya kliniki, na haya ni jicho la mwalimu: mwandiko uliokuwa umekaa vizuri ukaharibika, herufi alizozijua zikampotea, akaanza kutumia mkono mwengine, akawa anaduwaa katikati ya sentensi. Weka ukurasa mmoja wa mwandiko wake kila mwezi na tarehe juu. Ukiona umebadilika, beba kurasa mbili umuoneshe daktari, mpya na wa zamani, usimwambie kwa mdomo tu.

Na wewe mwenyewe ukiona unalia kila usiku, au unamkaripia mpaka unajuta, sema kwa muuguzi wa kliniki siku hiyo hiyo unayompeleka mtoto. Wanawaona akina mama wa hivi kila wiki, hutakuwa wa kwanza.

Ile ratiba ya saa mbili mpaka saa sita itoe ukutani leo. Kesho usianze na lolote jipya, muoneshane vidole tu na umpe hesabu tano za kujumlisha ambazo unajua kwa yakini atazipata zote. Atumie lile lile daftari la skuli, usimnunulie jipya, siku akirudi darasani mwalimu alikute lina tarehe za siku alizokuwa hayupo.